Daktari, mwambie ni vidonda vya tumbo

Swali hili haliulizwi mbele ya mgonjwa. Mgonjwa hutolewa nje kwanza, akakalishwa kwenye benchi pamoja na mjukuu na chupa ya maji, halafu mtoto mkubwa anarudi ndani kana kwamba amesahau simu. Anafunga mlango. "Daktari, sisi kama familia tumekaa, tumeona Mama asiambiwe. Ukimwambia ataondoka mapema. Wewe mwambie ni vidonda vya tumbo." Wengine huongeza, kwa adabu kabisa, kwamba wanaolipia matibabu ni wao.

Kazi yangu ni tiba shufaa: kumpunguzia mtu maumivu na mashaka pale ugonjwa usipoponyeka au unapokuwa na safari ndefu. Swali hilo nimeulizwa na wakulima na maprofesa, mashehe na wachungaji, hata na wauguzi ninaofanya nao kazi siku ugonjwa ulipoingia nyumbani kwao. Maneno hubadilika, kiini ni kilekile: mtu akiwa kwenye shida kubwa, si afadhali uongo kidogo wenye huruma kuliko ukweli utakaomuua? Kwa miaka mingi nimejibu taratibu, nikimbembeleza muulizaji. Leo sibembelezi. Swali limejengwa juu ya kitu ambacho hakipo, yaani huo ukweli unaoua.

Imani yenyewe ina mashahidi, lazima nikiri. Kila ukoo una simulizi yake. Mjomba alikuwa anatembea mwenyewe, ugali anakula, akaenda hospitali kubwa, akaambiwa ni kansa, na wiki tatu hazikwisha akaondoka. "Ile habari ndiyo iliyomuua." Siwaiti waongo wanaosimulia hivyo. Mjomba alikuwepo na wiki tatu ni za kweli. Kilichoharibika ni hesabu ya mwanzo wa safari. Mjomba hakwenda hospitali kubwa siku uvimbe ulipoanza. Alianzia duka la dawa akanunua dawa ya gesi. Akaenda zahanati, akatibiwa taifodi, na baada ya mwezi akatibiwa taifodi tena. Akaombewa. Akanywa mizizi aliyoelekezwa na mtu aliyepona kitu kingine kabisa. Mbuzi wakauzwa, ndipo rufaa ikaandikwa. Wagonjwa wengi wa saratani nchini Tanzania hufika kwenye hospitali za rufaa ugonjwa ukiwa umeshaingia hatua ya tatu au ya nne. Kwa mtu wa namna hiyo, kuambiwa na kufa ni majirani kwa sababu yote mawili hutokea mwishoni. Majibu yanatoka mwezi huu, mauti inafika mwezi ujao, na familia inafunga uzi kati ya hayo mawili. Angefichwa, angekufa wiki ileile. Tofauti ni kwamba hapo hakuna ambaye angeulaumu uongo. Nimehudhuria misiba mingi na sijasikia msemaji wa familia akisimama kusema marehemu aliuawa na kufichwa.

Hesabu hiyohiyo ndiyo iliyoipa mofini jina baya. "Wakishamwanzishia ile dawa ya maji, basi tena." Mofini hupewa mwenye maumivu makali, na wengi wenye maumivu makali ya saratani wameshafika mbali na ugonjwa wao. Dawa imekuta mtu karibu na mlango, ikasingiziwa kwamba ndiyo iliyomtoa. Kuna nyumba ambamo mzee amelia usiku kucha na chupa ipo juu ya kabati, imejaa, kwa sababu wanawe waliogopa "kumwahisha".

Sasa nitawapa watetezi wa imani hii silaha yao bora, maana wao wenyewe huwa hawaijui. Mwaka 2012 watafiti wa Sweden walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za watu zaidi ya milioni 6, kuanzia mwaka 1991 hadi 2006. Waliona kwamba katika wiki ya kwanza baada ya mtu kugundulika ana saratani, uwezekano wa kujiua ulikuwa mara 12 hivi ya ule wa watu wasio na saratani, na uwezekano wa kufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa ya damu ulizidi mara 5. Ni namba za kutisha.

Lakini angalia nani kalinganishwa na nani. Waliogundulika wamelinganishwa na watu wazima wasio na saratani, si na wagonjwa waliofichwa ugonjwa wao. Saratani yenyewe huifanya damu igande upesi, na mara nyingi mtu hugundulika wiki ileile aliyozidiwa, kwa hiyo moyo na mapafu tayari viko mashakani hata kama hakuna aliyefungua mdomo. Upande wa kujiua, kitu ambacho ni adimu sana kikizidishwa mara 12 bado ni adimu: waliojiua wiki ile ni wachache mno kati ya zaidi ya nusu milioni waliogundulika. Na hatari ilipungua kadiri muda ulivyokwenda, ingawa hawa wote waliendelea kuujua ukweli uleule. Kama kujua ndiko kunakoua, mbona kujua kwa mwaka mzima kuliwadhuru kidogo kuliko kujua kwa siku saba?

Ninachokiona mimi kwenye namba hizo ni kwamba wiki ya kwanza mtu asiachwe peke yake. Wa kuogopewa ni yule aliyetajiwa ugonjwa akiwa amesimama, kwa dakika mbili, na mtu anayeangalia saa, kisha akapanda daladala na bahasha yake hadi Mbagala bila wa kumshika mkono. Tiba yake ni mtu wa kukaa naye. Na uongo unamnyima hata huyo, kwani nani atasafiri kutoka Tabora kuja kulala na mgonjwa wa vidonda vya tumbo?

Silaha yao ya pili hutamkwa kwa kujiamini zaidi: kumwambia mgonjwa ni mambo ya Wazungu, sisi Waafrika hatuambiani hivyo. Hii ndiyo hunitoa jasho. Chama cha Madaktari cha Marekani, katika kanuni zake za maadili za mwaka 1847, kiliwaonya madaktari kwamba maneno yao, sawa na matendo yao, yanaweza kufupisha maisha ya mgonjwa. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1961, daktari Donald Oken alichapisha majibu ya madaktari 219 wa Chicago: takriban 9 katika kila 10 walipendelea kutomwambia mgonjwa kuwa ana saratani. Walisema wamefundishwa hivyo na uzoefu wa kazi. Oken alipochimba zaidi hakukuta uzoefu, alikuta hofu na hisia zao wenyewe. Swali hilo liliporudiwa Marekani mwaka 1979, madaktari 97 katika kila 100 walisema wanamwambia. Yaani mnachokitetea kama mila zetu ni mtumba wa Chicago, wenyewe walishauvua.

Mila zetu ninazozijua mimi ni nyingine. Mzee akihisi siku zake zimesogea huwaita watoto. Huonyesha mpaka wa shamba uko kwenye mti gani, ng'ombe wa nani wako kwenye zizi lake, nani anamdai na yeye anamdai nani, yule binti aliyegombana naye aitwe aje, na yeye azikwe wapi. Muislamu hutoa wasia wake na kuomba radhi kwa aliowakosea. Mkatoliki humwita padri kwa mpako wa wagonjwa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalofanywa na mtu anayeamini kwamba ana gesi. Babu zetu waliusia kwa sababu walijua, na walijua kwa sababu hakukuwa na mtoto wa chuo wa kumwambia mganga "usimwambie".

Tuseme hata hivyo imani hiyo ni sahihi, na habari huua. Bado kuna tatizo la kiutendaji: uongo wenyewe haushiki. Mmemshusha mama yenu kwenye lango la Taasisi ya Saratani Ocean Road, jengo la enzi za Wajerumani lililopo ufukweni, ambalo kila konda wa Dar es Salaam anajua linatibu nini. Amekaa foleni na wanawake waliofunga vilemba juu ya vichwa visivyo na nywele. Amelazwa chini ya mashine ya mionzi. Kisha mnataka nimwambie ni vidonda vya tumbo. Mama huyu amelea watoto saba, amewajua waliodokoa sukari kwa kuwaangalia tu machoni. Mnadhani hajaona kwamba siku hizi simu zinapokelewa uani? Shangazi ambaye hajakanyaga hapa tangu harusi ya mwaka juzi amekuja na kuku wa kienyeji, akamwangalia, akaenda kulia jikoni. Mwanawe wa Muscat, ambaye siku zote hana nafasi, amekata tiketi. Na mwili wake mwenyewe unamwambia kila asubuhi, kwenye gauni linalozidi kupwaya.

Wanasosholojia wawili wa Marekani, Barney Glaser na Anselm Strauss, walifuatilia wagonjwa walio karibu kufa katika hospitali za eneo la San Francisco na mwaka 1965 wakaandika kitabu juu ya walichokiona. Walieleza hali nne. Kuna mgonjwa asiyejua. Kuna anayeshuku na kupeleleza, anayemuuliza mfagizi baada ya kumuuliza daktari. Kuna hali ambayo wote wanajua na kila mmoja anaigiza kwamba hajui. Na kuna hali ya uwazi. Familia nyingi ninazokutana nazo zinaamini mgonjwa wao yuko kwenye hali ya kwanza, wakati yeye ameshafika ya tatu kitambo. Wauguzi wa zamu ya usiku wanalijua hili kuliko madaktari wote. Ndugu wakishaondoka na taa za wodi zikapunguzwa, mgonjwa humvuta muuguzi na kumwambia: "Sista, wanangu wasijue kama najua. Wataumia." Mama anawaficha watoto, watoto wanamficha mama, na kila upande unabeba mzigo wote. Halafu mnaniambia mmempunguzia machungu!

Gharama ya igizo hilo nitaitaja, maana watu hudhani uongo ni wa bure. Chukua mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi. Mionzi ya nje kwa kawaida huchukua wiki 5 hivi, siku 5 kwa wiki. Kutokwa damu mara nyingi hupungua mapema, matibabu yakiwa bado hayajafika nusu. Aliyeambiwa ana "uchafu kwenye kizazi" huona amepona, na mahindi yanamsubiri Kilosa, anafungasha. Utamzuia kwa hoja gani? Ili abaki inabidi utunge uongo wa pili, na wa tatu, na anapofikia wa nne hatamwamini mtu yeyote mwenye koti jeupe. Aliyeambiwa jina la ugonjwa wake na sababu ya hizo siku 25 ana sababu ya kuzimaliza.

Kisha kuna hili ambalo hatupendi kulitaja. Mtu aliyeambiwa ana vidonda vya tumbo, akanywa dawa za vidonda vya tumbo, akazidi kukonda, atatafuta maelezo. Kwetu maelezo hayako mbali. Kuna mke mwenza, kuna jirani mliyegombea mpaka, kuna mama mkwe. Nimekutana na ugomvi wa ukoo uliozaliwa hivyo, watu wazima hawazikani, na chanzo ni watoto wenye huruma walioficha karatasi ya maabara. Mganga wa matangazo ya nguzoni naye hula hapohapo. Anayejua ana uvimbe kwenye kongosho ana angalau swali la kumuuliza huyo mganga. Asiyejua ana pesa tu za kumpa.

Na kuna mali. Mjane anayetolewa kwenye nyumba aliyoijenga na mumewe, kwa kuwa hati ilikuwa na jina moja na wosia haukuandikwa, hana faida na huruma iliyomfanya marehemu aamini atarudi kazini Januari. Kuna pesa zilizobaki kwenye simu ambayo namba yake ya siri aliijua mtu mmoja. Kuna deni la kikoba ambalo wanachama wanalikumbuka na familia inalikana mbele ya jeneza.

Mtaniuliza: mbona basi wagonjwa wenyewe hawaulizi? Wanauliza, ila hawawaulizi nyinyi. Huko Uingereza utafiti uliochapishwa mwaka 2001 uliwauliza wagonjwa wa saratani 2,331, na asilimia 87 walitaka kuambiwa yote, mazuri na mabaya. Najua Uingereza si Tandale, na sitawaazima watu wetu majibu ya watu wengine. Ndiyo maana namuuliza mgonjwa aliye mbele yangu yeye anataka nini, jambo ambalo kikao cha familia hakikulifanya. Marekani mwaka 2008 ilichapishwa kazi nyingine, ya wagonjwa 332 wenye saratani iliyokomaa pamoja na waliowauguza. Waliokuwa wamezungumza na madaktari juu ya mwisho wa maisha hawakuonekana kuwa na sonona wala wasiwasi zaidi ya wenzao. Wiki yao ya mwisho ilikuwa na mashine chache, na hali ya waliopata mashine chache ilikuwa nzuri zaidi. Mashine nyingi mwishoni zilihusishwa na sonona kwa wauguzaji baada ya msiba.

Je, hakuna anayepata nafuu kwa uongo? Yupo. Ni anayedanganya. Yule mtoto mkubwa aliyerudi ndani akafunga mlango amepata wiki mbili ambazo hatalazimika kumwona mama yake analia, wala kujibu swali lisilo na jibu. Ni binadamu, simcheki. Ila asiiandike nafuu hiyo kwa jina la mama. Wiki mbili zikiisha uongo unaanza kudai malezi: lazima wajukuu wafundishwe cha kusema, daktari mpya aonywe, faili lishikwe kwa mkono wa kulia mgonjwa akiwa kushoto. Nimeona familia zinatumia nguvu nyingi kulinda siri kuliko walizotumia kumkanda mgonjwa miguu.

Na Afrika Mashariki hatuna haja ya kubahatisha, jaribio hili tumeshalifanya kwa miaka mingi. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI wa Tanzania walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, watu walizikwa kwa "kifua", kwa "homa", kwa "malaria kali". Uongo huo ulikuwa na nia njema zote: heshima ya marehemu, amani ya mjane, ndoa za mabinti. Mjane aliolewa tena. Mtoto aliyezaliwa na virusi alipewa vidonge akiambiwa ni vya kifua, mpaka alipofika kidato cha pili, akaona kifua hakimsumbui, akavitupa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2011 likielekeza kwamba watoto wa umri wa kwenda shule waambiwe hali yao, na walio wadogo zaidi waandaliwe kwa hatua, kulingana na akili yao. Nchini Uganda, mwanamuziki Philly Lutaaya alijitangaza hadharani mwaka 1989 kwamba ana virusi, wakati kufanya hivyo kulikuwa sawa na kujitenga na dunia. Alitumia miezi yake ya mwisho kuzunguka shuleni na makanisani akizungumza na vijana, akafa Desemba mwaka huohuo. Wapo walioona aibu kwa niaba yake. Lakini familia ngapi za Kampala zilipata ujasiri wa kutaja jina la ugonjwa kwa sababu mtu maarufu alilitaja kwanza?

Kunyamaza ni jambo jingine, na kunyamaza kuna nafasi yake. Mgonjwa akiniambia, "Daktari, mimi mambo hayo ongea na mwanangu Rehema," nitaongea na Rehema na mgonjwa hatasikia kwangu asichokitaka. Huo ni uamuzi wake, kautoa mwenyewe, na wiki ijayo nitamuuliza kama bado ni uleule. Bibi aliyepoteza kumbukumbu, anayeuliza kila jioni mumewe atarudi saa ngapi wakati mumewe alizikwa zamani, hahitaji kufiwa upya kila magharibi. Muulize mumewe alikuwa mtu wa namna gani, atakusimulia mpaka chai ipoe. Na dua ni dua. Kumwombea mtu apone hakukulazimishi umwambie vipimo vimetoka safi.

Yanayofanyika ni haya, na nitayapitia mbiombio kwa sababu si magumu kama mnavyoyafanya. Kabla kinyama hakijakatwa kupelekwa maabara, mgonjwa aulizwe: majibu yakitoka apewe nani, na yeye anapenda kujua kiasi gani? Siku ya majibu pawe na chumba chenye mlango, kiti, na ndugu mmoja anayemtaka yeye, si ukoo mzima. Aulizwe kwanza mwenyewe anadhani nini. Wengi hutaja saratani kabla ya daktari. Aonywe kwamba habari si nzuri. Jina la ugonjwa litajwe mara moja, kwa Kiswahili cha nyumbani, kisha mtu anyamaze. Akilia, aachwe alie. Asipewe hesabu ya miezi, hakuna anayeijua. Pasipojulikana, jibu ni "sijui". Kisha aambiwe kitakachofanyika kesho asubuhi, na kesho daktari au muuguzi arudi, kwa kuwa nusu ya aliyoambiwa hatakuwa ameyashika.

Nyumbani, akikuuliza usiku "Hivi nitapona?", usikimbilie "utapona tu, acha kuwaza." Muulize ni nini kimemfanya aulize leo, halafu sikiliza jibu lote. Kama mmeshamdanganya, msiitishe kikao cha kuungama, akae naye mmoja wenu, yule anayemzoea, amuulize, "Mama, wewe mwenyewe huu ugonjwa unauonaje?" na afunge mdomo. Watoto wadogo waambiwe kwa maneno mafupi kwamba Bibi anaumwa sana na dawa zinashindwa. Mtu akifa, waambiwe amekufa. Ukimwambia mtoto Baba "amesafiri" atamsubiri, na ukimwambia "amelala" usishangae akianza kuogopa kulala. Maumivu yakizidi, dai mofini, na uimpe mgonjwa kwa saa zake. Wosia, hati ya kiwanja, deni la kikoba na namba ya siri ya simu, hayo yamalizwe angali na nguvu za kushika kalamu.

Na kwa wale wanaosema siri hii haimdhuru mtu mwingine, jambo la mwisho ni la damu yenu. Saratani ya ini katika nchi zetu mara nyingi hutokana na virusi vya homa ya ini B, ambavyo hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, kwa damu, na kwa kujamiiana. Mzee aliyezikwa kwa "maji tumboni" huacha mke na watoto ambao hawajui kwamba walitakiwa kupimwa. Mama aliyepata saratani ya matiti akiwa kijana huacha mabinti ambao wangeanza kuchunguzwa mapema. Saratani ya mlango wa kizazi ina chanjo, nayo imekuwa ikitolewa kwa wasichana kote Tanzania tangu mwaka 2018. Muulizeni daktari wa mgonjwa wenu, mgonjwa mwenyewe akiwapo na akiridhia, kama ugonjwa wake unawahusu na nyinyi. Kipimo cha homa ya ini B ni tone la damu, na chanjo yake kwa mtu mzima ni dozi tatu ndani ya miezi sita. Kapimeni wiki hii.